Bosi Harudi Kwenye Pipa

Kwa mpwa wangu Idi, mtoto wa dada yangu Asha,

Salamu sikupi nyingi. Ujumbe wako wa sauti niliupata jana baada ya adhuhuri. Nimeusikiliza mara tatu, na mara zote tatu nimetamani ungekuwa mbele yangu nikuzabe kofi moja tu, la adabu. Kwa kuwa wewe uko Tabora, na mkono wangu pamoja na sifa zake zote haufiki Tabora, nimekaa chini kuandika. Nikikupigia hupokei. Basi binti yangu Zuhura ataipiga picha barua hii, ukurasa kwa ukurasa, aiweke kwenye kundi la ukoo. Utaisoma mbele ya watu, mama yako kule Mwandiga akiwa wa kwanza.

Unasema unakuja Ijumaa kumchukua mbwa wako. Jibu langu ni hapana. Ningeweza kuishia hapo, lakini unanijua, mimi sijawahi kuishia mahali pafupi.

Unakumbuka siku tulipomfuata huyo mbwa kijijini Simbo? Yule mzee mkulima wa maharage alitupokea na "mwakeye" yake, salamu ya Kiha, akatuonyesha watoto watano wa mbwa chini ya ghala. Akakuambia, "Chukua huyu mweusi. Huyo mdogo wa kahawia mwoga, hata kuku anamkimbiza." Wewe ukasema, "Nataka huyo huyo wa kahawia." Ukavua shati lako, ukalitandika ndani ya kapu, ukamlaza. Mimi nikaendesha baiskeli kutoka Simbo hadi hapa kwetu Kasingirima, Ujiji, wewe umekaa nyuma na kapu mapajani, na sikushuka kwenye baiskeli hata kwenye mlima mmoja. Najua wewe husimulia kwamba nilishuka mara nne. Ulikuwa unamwangalia mbwa, ungejuaje?

Ukampa jina Bosi kwa sababu alikuwa na tumbo mbele. Ukaenda naye Kibirizi kwenye uwanja wako wa kuanikia dagaa, ukiwa umelala chali kwenye mchanga unalinda dagaa wasiliwe na kunguru, naye amelala juu ya kifua chako kama mtoto mchanga. Siku moja akamfukuza kunguru mpaka majini, wimbi likambeba. Uliruka na nguo zako na simu mfukoni. Ulipotoka simu imekufa, mbwa anapiga chafya, nawe unacheka mpaka unashika magoti. Nilikuwepo, Idi. Nilikuona kwa macho haya. Kwa hiyo usije ukaniambia habari za kwamba wewe ni mtu wa roho ngumu, eti huko mjini wanakuita Komando. Komando wa nini? Mimi nakufahamu ukilia kwa jipu.

Halafu wezi wakachukua magunia yako mawili, na hapo ndipo ulipoharibika.

Ulipata pipa la mafuta, lile kubwa, ukalilaza ubavuni, ukaliwekea mlango wa bati. Mbwa wa miezi sita ukamsukumiza ndani jua likichomoza, ukamtoa jua likizama. Ugali wake ukauchanganya na pilipili kichaa. Ukipita karibu unaligonga pipa kwa nondo ili apandishe hasira. Kwenye mialo yote ya Kibirizi, kule wavuvi wanakoshusha samaki, mashine za mitumbwi zinanguruma asubuhi, na mtu yeyote aliyewahi kuingiza kichwa kwenye pipa anajua sauti inakuwaje mle ndani. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Nilipokuuliza ulinijibu kwa kiburi, "Mjomba, si ndivyo Sultani alivyolelewa?"

Sasa sikiliza vizuri, na wote mnaosoma kundini msikilize, maana jambo hili nitaliandika mara moja tu na sitaki kuulizwa kwenye harusi wala msibani.

Sultani hakuwepo.

Yule mbwa niliyewasimulia miaka yote, aliyemshika chui koo kule porini na kumburuta mpaka barabarani, aliyelelewa gizani ndani ya pipa kwa pilipili na nyigu wa kukaanga, nilimtunga. Nilimtunga uani kwangu, jioni moja umeme umekatika, ninyi watoto mmenizunguka na mimi sina la kusema. Kila mwaka nikamwongezea kidogo. Mwaka wa kwanza alikuwa amefukuza fisi tu. Mbwa niliyekuwa naye ujanani kwa kweli aliitwa Pingu, alikuwa kilema wa mguu, na alikufa kwa uzee.

Kwa hiyo pilipili ile ni yangu na pipa lile ni langu pia. Lakini kosa langu ni la mdomo, Idi. Nondo uliishika wewe. Ulikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne, una macho, unamwona mnyama anajikojolea unapofungua mlango, nawe unaita hiyo ukali. Sitakubali unibebeshe yote.

Siku unahamia Tabora ukaja hapa na mzigo wako begani, pipa lako kwenye mkokoteni, mbwa umemfunga kwa mnyororo, ukasema, "Mjomba, nishikie wiki mbili tu, nikipata pa kukaa namfuata." Mke wangu alisimama mlangoni na ungo mkononi. Unakumbuka alivyosema? "Huyo mbwa akiingia kwa mlango huu, mimi natoka kwa ule." Ukacheka ukadhani ni utani. Haukuwa utani. Hii ni nyumba ya watu wanaoswali, na tangu babu yetu ajenge hapa Ujiji hakuna mbwa aliyelala uani. Nikamfunga kwa kamba nyuma ya jiko la nje. Nguo iliyoguswa na mate yake nikaiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Wiki mbili zako zimekula masika mawili.

Siku ya nne alikata kamba. Jirani yetu Bi Tatu alikuwa anapita na beseni la dagaa kichwani, mbwa akamrukia kwa papara zake, beseni likaenda kule, Bi Tatu akaenda huku, kanga ikachanika katikati. Hakumng'ata. Lakini nani anangoja kung'atwa? Tukaitwa kwa mtendaji wa kata. Watu walijaa kama kuna filamu. Mmoja akasema apigwe risasi, mwingine akasema risasi ya nini wakati marungu yapo. Mtendaji akasema, "Mzee Rajabu, mwisho wa mwezi kama mbwa huyu bado yuko hivi, tunamwondoa."

Mimi nikasimama. Nikawaambia, "Nipeni siku saba. Mimi niliwahi kumtuliza kiboko wa mto Malagarasi kwa kukohoa tu, mbwa ni nini? Baada ya siku saba atakuwa anawakaribisha wageni chai." Wakacheka. Bi Tatu mwenyewe akacheka, na kanga yake imechanika vile.

Nisingeandika yanayofuata, ila nataka ujue kazi imefanywa na nani. Siku ya kwanza nilimfokea. Siku ya pili nikamwonyesha fimbo. Siku ya tatu nikamkandamiza chini kwa kifua, nimekaza macho yangu kwenye macho yake ajue nani mwanamume, na akanijulisha. Dole gumba la kulia, mpaka mfupa. Mtaani nikasema nimechomwa na mwiba wa samaki, kuhe. Kuna dada mmoja, afisa mifugo wa kata, alikuja kumkagua mbwa kwa agizo la mtendaji. Akanishika mkono, akafungua kitambaa, akatazama.

"Shikamoo baba. Huyu kuhe wako ana meno manne ya mbele?"

"Marahaba. Kuhe wa siku hizi wamebadilika," nikamwambia.

"Basi kesho asubuhi uende hospitali ukaanze sindano za kichaa cha mbwa, wewe na kuhe wako. Na ukishaanza, sindano hata moja usiruke."

Nilikwenda, na sindano zote nilichomwa bila kukunja uso, waulize manesi. Mbwa akawekwa peke yake akaangaliwa siku kumi, hakuwa na ugonjwa. Akapigwa chanjo. Kadi inauliza jina la mwenye mbwa. Dada yule akanitazama, nikasema, andika Rajabu. Hiyo kadi iko ndani ya msahafu mkubwa wa baba, juu ya kabati. Ukija na maneno ya "mbwa wangu", tutaanzia kwenye kadi.

Yule dada ni mdogo, sawa na binti yangu, lakini alinisema kama nimekaa darasa la kwanza. "Baba, mbwa huyu si mkali. Ana hofu. Anaruka kwa sababu hajui kitakachompata. Wewe unamwongezea kelele juu ya kelele." Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Kaa chini. Mpe mgongo. Usimtazame. Weka dagaa pembeni yako, unyamaze." Idi, mimi ninyamaze. Mke wangu alikuwa anasikiliza dirishani, akacheka mpaka akakaa.

Nikakaa. Siku tisa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nimempa mgongo, dagaa kwenye kifuniko cha sufuria. Siku ya kumi nikasikia pua yake kwenye kiwiko changu. Sikugeuka. Nimevuka ziwa hili mpaka Kongo kwa mtumbwi unaovuja, nimeona mengi, lakini kutogeuka siku ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Tukaenda polepole. Chakula asubuhi na jioni, saa zile zile, ugali na vichwa vya dagaa, pilipili hakuna hata harufu. Nikitoka kuswali alfajiri, nabadili navaa kanzu ya zamani, tunashuka naye ufukweni kabla watu hawajajaa, anatembea na kunusa mpaka achoke. Mnyama aliyechoka vizuri hana muda wa wazimu. Tatizo likawa mashine za mitumbwi. Ikinguruma moja tu, analala chini anatetemeka, povu mdomoni. Basi tukaanza kwa mbali, kule juu kabisa ambako mashine unaisikia kama nyuki. Ikinguruma, dagaa mmoja. Ikinyamaza, dagaa hakuna. Wiki moja tukisogea hatua kumi, tukiona anakaza mkia tunarudi ishirini. Wavuvi wakanitania, "Mzee Rajabu, umempeleka shule ya bweni?" Nikawaambia, "Ninyi mmemaliza shule na bado mnabweka."

Na ile tabia ya kurukia watu, dawa yake ilikuwa ya aibu. Akiruka, unampa mgongo na kukunja mikono, husemi neno, mpaka miguu yote minne irudi chini. Ndipo unampa chakula na neno zuri. Lakini lazima nyumba nzima ifanye hivyo, la sivyo hajifunzi. Ikawa mgeni akipiga hodi kwangu anakuta mimi, mke wangu na Zuhura tumempa mgongo, mikono imekunjwa, kimya. Shemeji yangu mmoja alirudi kwake akasema tumerogwa.

Siku saba nilizoahidi zikawa miezi mitatu. Mwisho wa mwezi wa kwanza mtendaji alikuja na watu wawili wenye kamba. Nilimwomba, Idi. Mimi, Rajabu, nilimwomba mtu mbele ya mke wangu. Nikamwambia, "Mtazame kwanza, mpe mgongo." Akasimama akampa mgongo, mtu mkubwa na miwani yake. Bosi akamzunguka, akanusa viatu, akakaa. Mtendaji akasema, "Mwezi mmoja tena." Halafu mwingine tena. Baada ya hapo hajarudi na kamba.

Mama Zuhura alikuja kushindwa siku ya radi. Ilikuwa alasiri, mbingu imefunga kutoka upande wa Kongo, radi inapiga juu ya ziwa mpaka masufuria yanalia. Bosi alikuwa anakwaruza ukuta wa banda nililomjengea nyuma ya jiko mpaka kucha zinatoka damu. Yule dada alikuwa amenifundisha nimfunge kitambaa kifuani, kimkumbatie lakini kisimbane. Nikawa natafuta gunia. Mke wangu akatoka chumbani na kitenge chake cha harusi ya dada yake, kile cha bluu. Akasema, "Gunia litamwasha." Akanirushia kwa mbali, hakumgusa. Nikamfunga, nikakaa naye jiko la nje, nikaanza kumsimulia hadithi kwa sauti ndogo. Nilimsimulia ya kiboko, ya mtumbwi, na ya siku nilipomshinda hakimu kwa hoja moja. Radi ikapiga saa nzima. Hadithi ya tatu haijafika nusu akalala, kidevu juu ya mguu wangu. Katika maisha yangu huyo ndiye msikilizaji pekee ambaye hajawahi kuniambia "acha uongo wewe".

Siku hizi Bi Tatu anapita na beseni lake. Anasimama, anampa mgongo, anasubiri, anamdondoshea dagaa mmoja na kusema, "Haya, baba, heshima yako." Nami nakaa barazani naangalia kama mtu aliyejenga msikiti.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi mpaka jana.

Jana nilikuwa nimekaa uani, Bosi amejinyoosha kivulini kando ya mtungi. Simu ikalia, Zuhura akaniwekea ujumbe wako kwa spika maana mimi sioni vizuri vidude vile. Ukasema, nakuandikia maneno yako mwenyewe: "Mjomba, Ijumaa nakuja na gari la mizigo namchukua Bosi. Nimepata ulinzi kwenye yadi ya mbao, tajiri anataka mbwa mkali kweli kweli. Usimpe chakula siku mbili, aje na hasira zake. Na lile pipa kama bado lipo nitalibeba."

Hukusema jambo la kutisha. Hukufoka. Ulikuwa unaongea kama mtu anayeagiza sukari. Lakini uliposema "mjomba" tu, lile neno la kwanza, mbwa aliinuka. Ulipofika kwenye jina lake alikuwa amejibana nyuma ya mtungi, tumbo chini, mkojo unatiririka kwenye sakafu niliyoifagia mwenyewe. Ujumbe ukaisha. Hofu yake haikuisha. Mashine za mitumbwi amezizoea, radi ameizoea, hata mtendaji amemzoea. Kilichomshinda ni sauti yako, Idi, ya sekunde ishirini, kutoka ndani ya simu.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akaenda pale nyuma ya mtungi, akachuchumaa, akampa mgongo. Akakaa vile mpaka adhana ya alasiri. Alipoinuka aliniambia, "Mwandikie mpwa wako. Na usimpambie."

Kwa hiyo sipambi. Sikiliza jinsi nilivyo na hasira nawe: nimeshindwa kula. Ulimchukua mnyama aliyekuwa analala kifuani kwako ukamfanya ajikojolee akisikia sauti yako, na baada ya masika mawili hukuuliza hata mara moja anakula nini, yu mzima, au amekufa. Unamkumbuka leo kwa sababu tajiri wako anataka meno. Mwambie tajiri wako anunue kufuli. Kama kazi yenyewe haiwezekani mpaka umtie mnyama kichaa, basi wewe huna kazi, una balaa lenye mshahara.

Pipa usilifuate. Nimelipasua kwa shoka jana jioni, peke yangu, mapigo matatu. Sawa, na Zuhura alisaidia, na yalikuwa mengi zaidi ya matatu.

Mama yako atasoma hapa na atanipigia simu akilia kwamba namfukuza mwanawe. Asha, simfukuzi. Ijumaa mlango uko wazi, mama wa nyumba atapika mchuzi wa samaki, mgebuka wa nazi, kama anavyoupenda huyo mwanao. Ukija, Idi, acha gari lako barabarani, ingia bila kupiga kelele, uketi pale uani ukiangalia ukuta. Unyamaze. Bosi anaweza kukusogelea, anaweza asikusogelee mpaka unaondoka, na kama ni hivyo utakunywa chai yako ukutani na utaivumilia. Hata akija kukulamba mkono, hutaondoka naye. Hilo liko wazi. Lakini utakuwa umekaa karibu naye kama mtu, na pengine Jumamosi utaweza kukaa tena.

Ila ukija na mnyororo, lete miwili. Wa pili uwe mrefu na imara, maana mimi nina shingo nene, na nitakuwa nimekaa pale mlangoni pa banda tangu alfajiri.

Ni mimi mjomba wako, kaka wa mama yako, ambaye leo hajakuongopea hata sentensi moja,

Rajabu